Jaribio la Avenue Lufira

Jumatatu, 2 Juni

Nyekundu tena. Jaribio lilelile. Ijumaa lilipita. Jumamosi likaanguka. Leo asubuhi limepita, nikaliendesha mara ya pili, likaanguka, na katikati sikugusa hata herufi moja. Kompyuta ingekuwa ya mtu mwingine ningeipiga kofi.

Kichwa kimechoka, basi niandike polepole nijielewe mwenyewe. Maktaba yetu ni ya programu, si ya vitabu. Unaipa majina ya watu na mahali walipokaa, inatengeneza faharasa, kisha ukitafuta avenue fulani, yaani barabara moja ya mtaa, inakutolea wote wa pale pamoja na simu zao. Basi. Tumeiandika watu wawili, mimi hapa Kolwezi na Héritier kule Lubumbashi, kwa ajili ya mitaa iliyohamishwa machimbo yalipopanuka. Watu wametawanyika hadi Tenke, hadi Fungurume. Lakini mtu akifa, avenue nzima lazima ijue. Nyumba zimekwisha, avenue bado ipo. Watu wake bado wanaliliana.

Katikati ya mwezi chama cha waliohamishwa kitaigawa kwa mitaa yote. Kabla ya hapo majaribio yote yawe kijani, yaani yapite. Yamebaki haya manung'uniko ya jaribio moja: unaingiza watu wote wa avenue moja, unatafuta, lazima watoke wote. Linasema tu kwamba mmoja amepungua. Nani? Halisemi. Nililiandika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Avenue ya kujaribia niliyoweka ni yetu, Lufira. Naijua bila kufikiri. Wengine hujaribia majina ya kubuni. Mimi sikutaka. Kila nikibonyeza, nyumba zinapita kichwani moja moja, na vibaraza vyake vyekundu vya saruji, na wanawake wakivisugua kwa nta. Nimezikumbuka leo hadi nikasahau kunywa chai.

Baridi. Vumbi limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta.


Jumanne, 3 Juni

Hakuna umeme tangu asubuhi. Hakuna kazi. Nimekaa nje na Mama, tukichambua kalembula, majani ya viazi vitamu.

Mwezi wa nane utatimia mwaka tangu Tata, baba yangu, afe, na Mama anataka kuondoa matanga vizuri. Alikuwa akitaja watu wa kualika, wa Lufira kwanza. Alitaja hadi yule mlevi aliyekuwa akiimba mbele ya nyumba yetu siku ya mshahara. Mama Mapasa wa bombani hakumtaja.

Sikupaswa kuuliza. Nikauliza.

Huyu Mama Mapasa alikuwa dada yake Mama, kasoro damu tu. Nyumba yake ilikuwa pale penye bomba la maji la avenue. Mimi nimekula bukari, ugali wetu, kwake kuliko kwetu. Alizaa mapasa, pacha, na kwetu watu wa Kasai mwanamke akizaa mapasa jina lake la zamani linakwisha, ni Mama Mapasa hadi kaburini. Tulipohamishwa yeye akaenda Fungurume kuuza unga. Tata alipokufa hakuja. Hakutuma mtu. Tulilala nje kwenye matanga na Mama alikuwa akitazama barabara.

Leo ameniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye majani:

"Mi sitamuuliza juu ya nini hakukuyaka. Batu bote ba avenue balipata habari. Yeye alipata, akabakia kwake."

Kisha akahesabu yaliyobaki kwenye sinia kana kwamba majani yalikuwa na kosa. Nina hasira na Mama Mapasa kuliko Mama. Mama angalau ana huzuni. Mimi nina hasira tu.


Alhamisi, 5 Juni

Nimepata kitu! Majaribio yote yalikuwa yanaandika kwenye folda moja. Moja linafuta, jingine linakuta pengo. Ukiliendesha peke yake, lina adabu. Ukiyaweka pamoja yanagombana. Watoto wa Lufira kabisa. Nyumbani kwao malaika, wakikutana bombani wanapigana kwa vidumu.

Kila jaribio nimelipa folda yake. Kijani. Kijani. Kijani. Nikaenda kununua maandazi, nikajisifu njia nzima.

Nikarudi. Nyekundu.

Maandazi yamepoa mezani. Héritier ameandika tulifute jaribio lenyewe, eti maktaba ni nzima, jaribio ndilo gonjwa. Anasema chama kinasubiri. Anasema nina mapenzi na avenue yangu. Nimemjibu kwamba kama maktaba inapoteza mtu mmoja leo, kesho kuna familia italilia peke yake, na yeye ndiye atakayekwenda kuieleza. Najua anajua nasema kweli, ila mimi nina ulimi.


Ijumaa, 6 Juni

Nimeliamuru litaje majina. Mwishowe. Nilipaswa kufanya hivyo Jumatatu.

Limeanguka, likataja. Nimesoma toka juu hadi chini. Wote wapo! Fundi wa redio yupo. Mama Bijou yupo. Mwalimu wa darasa la tatu, yule mwenye fimbo, yupo, bahati mbaya. Hakuna jina lililokosekana. Lakini hesabu inasema mmoja hayupo.

Nimesoma tena. Wote wapo na mmoja hayupo. Nimeifunga kompyuta.


Jumamosi, 7 Juni

Nimefanya jambo la kitoto. Nimeiacha kompyuta, nimefumba macho, nimetembea Lufira. Kutoka kwenye barabara kubwa, upande wa kulia, geti baada ya geti, kama nilivyokuwa nikitembea na jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi, mkononi nikitumwa kupeleka kwa jirani, naonja njiani. Geti la fundi wa redio, na redio zake zote zikisema mambo tofauti. Geti la Mama Bijou, mbwa. Geti letu, Tata amekaa kwenye kiti chake cha chuma, buti za kazini amezivua, anatingisha vidole vya miguu. King'ora cha zamu ya mchana. Harufu ya dagaa kutoka kila jiko kwa wakati mmoja. Sijui kwa nini harufu ile siipati tena, dagaa ni walewale.

Nikaendelea. Bomba. Mama Mapasa. Nikavuka, upande wa kushoto, nikirudi. Nyumba yenye mparachichi. Mama Mapasa.

Nikafumbua macho.

Wawili. Walikuwa wawili! Kila mtoto wa Lufira anajua walikuwa wawili, mimi mwenyewe niliwaandika wote wawili, na macho yangu yakasoma jina mara moja yakaridhika. Nani anahesabu kina Mama Mapasa? Kila avenue ya watu wa Kasai inao.

Basi sasa najua. Ndani ya maktaba kuna kipande alichokiandika Héritier, tunakiita mfagiaji. Kinapita nyuma ya pazia, kikikuta watu wawili wenye jina moja kwenye avenue moja kinasema ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, kinafuta wa zamani, kinamwacha mpya. Mfagiaji akichelewa, jaribio linapita. Akiwahi, linaanguka. Ndiyo maana lilikuwa linatuchezea.

Nimempigia Héritier. Amecheka, akasema rahisi, tuongeze majina ya watoto, watatofautiana. Nikamwambia, kaka, mapasa wa kwetu wanaitwaje? Yeye ni wa Kasai pia. Mapasa wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, na wale wengine vilevile, Mbuyi na Kabanga. Huchagui. Tumecheka wote wawili hadi nikaumwa mbavu. Akasema basi majina yao ya ubatizo. Nikamuuliza Mama. Mama hayajui. Miaka yote ile, wamezalishana, wameuguzana, wamesukana, na hajawahi kusikia jina la yeyote kati yao. Amenishangaa. Kwani angelitumia wapi?

Nilikuwa bado nacheka nilipokuwa nikiosha vyombo. Sahani mkononi. Ndipo likanijia.

Habari za kifo cha Tata mwaka jana tulizituma kwa maktaba hii hii, ilipokuwa bado ya kujaribu.


Jumapili, 8 Juni

Sikwenda misa. Nimesema tumbo.

Faharasa ya mwaka jana ninayo bado. Nimeifungua. Avenue Lufira, Mama Mapasa, mmoja. Simu ya Kolwezi. Wa mparachichi. Alikuja, alilala na sisi matanga yote, alipika.

Wa bombani hayumo. Alifutwa kabla Tata hajaugua.

Hakupata habari. Hajui.


Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia Mama. Nilitafuta njia ya kueleza mfagiaji, faharasa, marudio, nikaona ninajificha nyuma ya maneno. Nikasema kifupi: mashine ilidhani Mama Mapasa wawili ni mmoja, ikamtumia mmoja tu. Wa bombani hakuambiwa na mtu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikuwa akifua, akaendelea kufua shati lilelile ambalo lilikuwa limeshatakata. Baadaye akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena.

Kisha akasema:

"Mwaka muzima mi niko namusema mubaya. Hata ku kanisa."

Akaenda chumbani. Nikamsikia akifungua sanduku, akilifunga, akilifungua. Nilijitolea kumpigia simu Mama Mapasa leo leo, nimweleze. Mama akatoka mlangoni, akasema kwa sauti ya zamani, ile ya Lufira, kwamba habari ya namna ile haisemwi kwenye simu. Tutakwenda Jumamosi. Tutaonana naye uso kwa uso.

Kwa nini hakuna aliyemwambia kwa mdomo? Nimeliwaza siku nzima. Wa avenue wengine huwa wanapita Fungurume, wanamwona sokoni. Lakini wote walidhani anajua. Na mtu aliyekosa matanga humwambii lolote. Unamsalimia kwa juu juu, unapita. Mwaka mzima wamempita.


Jumatano, 11 Juni

Kazi. Angalau hii naiweza.

Tuwatofautishe kwa nini? Simu zinabadilika, wengine wamezipoteza mara ngapi. Majina hayatoshi. Namba za nyumba hakuna aliyewahi kuzitaja. Nikarudi kwenye tunavyosema wenyewe. Wa bombani. Wa mparachichi. Sisi tulikuwa wa kiti cha chuma, nimejua leo tu, Mama ameniambia huku akicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Basi nimeongeza swali moja: mlangoni kwenu kulikuwa na nini? Mfagiaji sasa hamfuti mtu mpaka jina, avenue na kitu cha mlangoni vilingane vyote vitatu. Na hata hapo hafuti, anauliza kwanza.

Héritier alipinga. Eti tunajaza faharasa vitu ambavyo havipo, bomba halipo, mti haupo, pale pote ni shimo la machimbo sasa. Nikamwambia amuulize mama yake kwanza kina Mama Mapasa wa avenue yao walikuwa wangapi, halafu aniandikie. Ameniandikia baada ya chakula, akiniita dada mkubwa: "Yaya, kwetu kulikuwa batatu. Mi sikujua." Amekubali mabadiliko yote bila kubishana hata nukta, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nimeyaendesha majaribio asubuhi nzima. Kijani. Nikampunguza kasi mfagiaji, kijani. Nikamharakisha, kijani. Nilidhani nitafurahi.


Ijumaa, 13 Juni

Mama amekaanga karanga za kupeleka. Ameshona upya pindo la kitenge cha matanga. Amekikunja, akakiweka juu ya mkoba, akakitoa, akakiweka tena chini kabisa.

Naogopa kesho. Mama Mapasa alinifundisha kusuka. Nimemchukia karibu mwaka mzima kwa jambo ambalo hakulifanya, na yeye kule anauza unga wake.


Jumamosi, 14 Juni

Nimeshindwa kulala, basi niandike yote, ingawa nimechoka na barabara. Malori ya shaba njia nzima, basi letu nyuma yao likila vumbi.

Tulimkuta mbele ya duka lake. Amenenepa. Nywele zimekuwa nyeupe. Alitutazama kitambo kama mtu asiyeamini, kisha akaacha kikombe cha kupimia unga kwenye gunia, akamkumbatia Mama kwa mikono yake myeupe, mgongo wote wa Mama ukawa unga. Akanishika uso. Akasema nimekonda. Akaanza kumlalamikia Mama, huku anacheka na machozi yanamtoka, kwamba watu wa Lufira wamekuwa na kiburi, wakimwona sokoni wanamsalimia kwa mbali, labda kwa sababu amefungua duka, na kwamba Mama naye amemsahau. Akamwita mtoto wa jirani alete viti. Vitatu.

Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani.

"Na Tata Kazadi eko wapi? Mumemuacha na nani?"

Sitasahau. Hata nikitaka.

Mama alikuwa ameandaa maneno. Namjua, njia nzima alikuwa akiyapanga midomo ikitikisika. Yote yalimtoka. Alimshika mikono miwili.

"Tata Kazadi alishakufa, Mama Mapasa. Mwaka unakaribia. Hatukukuambia. Haikuwa roho mubaya. Habari haikukufikia."

Kwanza hakuelewa. Alisema hapana. Alisema alimwona kwenye ndoto Pasaka. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, chini, kwenye vumbi, akatoa kile kilio. Sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tulipotoka Lufira. Wateja wakaweka mifuko chini. Wanawake wa maduka ya jirani wakaja mbio, wengine hawamjui Tata kabisa, wakakaa naye, wakavua viatu, wakalia naye. Watu wa Fungurume wamemlilia Tata wangu leo mbele ya duka la unga.

Alilia akimtaja, kama inavyotakiwa. Alisema mambo nisiyoyajua. Kwamba mumewe alipomkimbia, ni Tata aliyekuwa akipita kila alfajiri kabla ya zamu kumfungulia bomba, kwa sababu lilikuwa gumu na yeye alikuwa na watoto wawili mgongoni na kifuani. Hakumwambia mtu, asije akasemwa. Alimuuliza Tata kwenye kilio ni nani sasa atamfungulia. Mama alikuwa amekaa pembeni yake chini, kitenge cha matanga kimeshatoka mkobani, kimewafunika wote wawili. Mama naye alilia. Wakati wa matanga yetu hakulia hivi. Wakati ule alikuwa akitazama barabara.

Mimi nilisimama kwanza kama mzigo. Kisha nikavua viatu.

Tulichelewa kuondoka. Alitaka tulale, Mama akasema mwezi wa nane utakuja wewe, utalala wewe. Akakubali. Akasema atakuja mapema, siku nyingi kabla, kupika, na Mama Mapasa wa mparachichi asidhani atashika jiko peke yake.


Jumatatu, 16 Juni

Chama kimechukua maktaba leo. Hakukuwa na hotuba. Nimeituma, wakajibu wameipokea.

Héritier ameniuliza kama tubadilishe data ya jaribio la Lufira, kwa sababu baadhi ya watu wake wamekwisha kufa na si vizuri. Nimemwambia tuwaache. Ni jaribio tu. Hakubisha.

Jioni Mama amenipa simu yake nimhifadhie namba ya Fungurume, macho yake hayaoni vizuri tarakimu. Nilimuuliza niandike jina gani, maana wa mparachichi pia yumo. Akafikiri. Akaniambia kwamba Jumamosi, walipobaki wawili nyuma ya duka wakinawa uso, Mama Mapasa alimtajia jina lake, lile la usichana wake. Hakuombwa. Mama hajaliambia mtu. Hata mimi hakuniambia.

Nikangoja aseme niandike nini. Akawa anakunja kitenge, polepole, pembe kwa pembe, na unga bado umo kwenye mshono.

Akasema niandike Mama Mapasa.